Chukizo la Saa Saba Mchana

Obadiah Onyancha alikuwa na pua ambayo kanisa zima la Manga liliiheshimu. Haikuwa kubwa, ila ilikuwa na bidii. Ungechemsha chai upande wa pili wa mlima, angejua. Ungeficha pilipili moja ndani ya mfuko wa koti ukaja nayo Shule ya Sabato, angekugeukia katikati ya maombi, macho amefumba, pua imefunguka.

Na hiyo chai, uelewe, aliipanda mwenyewe. Vishina mia nne kwenye mteremko nyuma ya nyumba, alivichuma na mkewe Drusilla wakapeleka majani kituoni. Kuipanda haikuwa dhambi. Kuiuza haikuwa dhambi. Dhambi ilianzia mdomoni, na midomo ya kuinywa ilikuwa mbali, Ulaya huko, ambako watu walishapotea zamani.

Wasabato wa Manga wa miaka ile walikuwa na orodha ndefu ya vitu visivyotakiwa kuingia tumboni: nguruwe, kambare, pombe, chai, kahawa, halafu kundi zima lililoitwa vichocheo. Kichocheo ni chochote kinachoamsha mwili: pilipili, bizari, na jamaa zao wote. Mzee Nyasani, mzee wa kanisa tangu enzi za wamishonari, aliamini kwamba mwili wa Mkristo ukishalala haufai kuamshwa. Yeye mwenyewe alikula obokima, yaani ugali wa wimbi, mboga chungu za chinsaga na maziwa yaliyoganda, akawa na miaka sabini na sita na meno yote.

Mwaka 1964 Obadiah alipata kazi ya ushonaji mjini Kisii, kwenye baraza la duka la vitambaa la Mulji, Mhindi. Alishuka mlima Jumapili jioni, akapanda tena Ijumaa mchana kabla Sabato haijaingia. Cherehani mbili zilipangwa barazani. Moja yake, nyingine ya Ouko, fundi wa suruali kutoka upande wa ziwa, mtu ambaye alikula kila kitu kilichokaa kimya mbele yake.

Mulji alikuwa na sharti moja. Fundi wa zamani alikuwa akienda kula kwenye hoteli za Daraja Mbili saa saba, anarudi saa tisa na nusu, tumbo limejaa na vipimo vimemtoka kichwani. Kwa hiyo sasa mafundi watakula hapo hapo barazani, chakula cha nyumbani kwake, bure, ndani ya mshahara.

"Bure!" Obadiah alimwambia Drusilla kabla hajaanza kazi. Hilo ndilo neno la mwisho la furaha alilolitoa kuhusu jambo hilo.

Saa saba ya siku ya kwanza, Mama Kanta, mke wa Mulji, alitoka uani akiwa amebeba sahani mbili za bati zenye vyumba vyumba, kama nyumba ya kupanga. Chumba cha kwanza kilikuwa na uji wa njano. Obadiah alilea watoto wanne na alijua vizuri ni nini kinachotoka kwa mtoto mchanga kikiwa na rangi ile na uzito ule. Chumba cha pili kilikuwa na kitu cha kijani chenye chunusi, kimekatwa vipande, kinaelea kwenye mafuta. Chumba cha tatu kilikuwa na vipande vyeusi vyenye wekundu, vimelala ndani ya mafuta mazito kama kitu kilichookotwa chini ya lori bovu. Halafu kulikuwa na bakuli pembeni. Hilo bakuli ndilo lililomvunja moyo.

"Hii ni nini, Mama?"

"Maziva. Maziva lala. Mimi napika na manjano, na chumvi, na pilipili kidogo."

Maziwa yaliyoganda, chakula cha heshima, kitu ambacho mama yake alikitunza ndani ya kibuyu na kukipa mgeni tu, mtu ameyachukua akayarudisha motoni! Ilikuwa kama kumfukua marehemu ili umvishe nguo mpya.

Na juu ya yote kulikuwa na harufu. Watu wa pwani wanaijua, wanaiita mvuje: utomvu mkavu ambao Mama Kanta aliukaanga kidogo kwenye mafuta kabla ya kumimina dengu, ule uji wa njano. Obadiah hakujua jina lake. Alijua tu kwamba inanuka kama soksi ya polisi iliyofungiwa na kitunguu ndani ya sanduku.

"Kula, fundi. Tamu sana."

"Asante, Mama. Nitakula polepole."

Mama Kanta alipoingia ndani, Obadiah alimsukumia sahani mbwa wa kinyozi jirani. Mbwa alinusa, akapiga chafya mara mbili, akamwangalia Obadiah kwa huzuni, akaenda kulala chini ya jua kali. Ouko alicheka mpaka akatoa mguu kwenye kanyagio.

"Bwana Sabato! Hata mbwa ameokoka!"

"Nyamaza, Ouko. Wewe una tumbo la fisi."

"Fisi ameshiba. Lete hicho cha kijani."

Ouko alichukua cha kijani, ila dengu zilimshinda wingi. Obadiah akamwaga zilizobaki kwenye mfereji mbele ya duka. Alifanya hivyo siku nne, mvua ya jioni ikisomba kila kitu. Siku ya tano mvua haikunyesha, na mfereji wa Mulji ukawa mto wa njano unaotembea taratibu mbele ya maduka matatu, inzi wakiusindikiza.

Mama Kanta akatoka. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka kama sitini, meno mawili ya mbele hayapo, mikono imejaa bangili. Aliangalia mfereji. Aliangalia fundi.

"Fundi. Mfereji yangu nasikia njaa?"

Mama Kanta akavuta kigoda, akaketi mbele ya cherehani, akakunja mikono. "Sasa kula. Mimi naangalia."

Na akaangalia. Obadiah alikula kijiko cha kwanza kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo, pumzi ameibana, machozi yanamtoka. Dengu ziliteleza kooni zikiwa na uvuguvugu wa kitu kilichowahi kuliwa na mtu mwingine. Mara mbili zilirudi juu, mara mbili akazituma chini. Kile kijani kilikuwa kichungu kuliko chinsaga bila kuwa na adabu ya chinsaga. Alipofika kwenye vipande vyeusi, alifikiri ni nyama mbovu, kumbe ni maembe mabichi, maembe ya watu, yametiwa chumvi na pilipili na kuachwa juani mwezi mzima yaoze kwa makusudi. Ulimi ukashika moto. Masikio yakapiga kengele.

"Achari," Mama Kanta alisema, ameridhika. Toka siku hiyo aliketi pale kila saa saba.

Sabato iliyofuata, Obadiah aliomba nafasi katika somo la afya, lile la alasiri, ambapo ndugu hufundishwa juu ya hekalu la mwili. Alisimama, akaeleza. Alieleza rangi. Alieleza utelezi. Aliposema juu ya maziwa lala yaliyorudishwa motoni, akina mama walifunika midomo kwa khanga. Aliposema juu ya maembe yanayooza kwa mpango, mtoto mmoja alitapika kwenye benchi la mbele, na Mzee Nyasani akasema "Amina" kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu wamishonari waondoke.

"Ndugu Obadiah," alimwambia baadaye akiwa amemshika mkono, "umeona maovu kwa macho. Wiki ijayo utuletee mengine."

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mtu hawezi kurudia chukizo lile lile kila Sabato, watu watazoea. Ilibidi Obadiah apeleke kitu kipya kila wiki, na kwa hiyo ilibidi achunguze. Akaanza kumuuliza Mama Kanta majina. Hii mbegu nyeusi inayopasuka kwenye mafuta? Haradali. Na hii inayonuka shetani? Na jani hili? Mama Kanta alifurahi sana kupata fundi mwenye kiu ya elimu, akawa anamwongezea. Obadiah naye alijiambia kwamba mtu hachukii kitu kwa jumla jumla. Lazima akichukie kwa undani. Kwa hiyo alitafuna polepole. Aliacha kila kitu kikae juu ya ulimi mpaka kitoe uovu wake wote.

Kwa karibu miaka mitatu somo lake la afya lilijaza kanisa. Watu walitoka mpaka Suneka, kilomita na kilomita, waje wasikie yale ya sahani ya Muhindi. Kulikuwa na siku alieleza achari kwa ufundi wa ajabu, chumvi yake, ukali wake unaopanda puani na kushuka shingoni, mpaka Ombui, mhazini wa kanisa, akaonekana akimeza mate. Ombui alisema ni kichefuchefu.

Na Mzee Nyasani, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumkataa, akamwita Obadiah faragha. "Mimi nakwenda kupumzika. Kiti changu nataka kikaliwe na mtu anayechukia sawasawa. Mwakani, siku ya Meza ya Bwana, nitakutaja."

Kiti hicho kilikuwa kiti kweli, chenye mikono na mgongo, mbele, kinatazamana na mabenchi yote. Baba yake Obadiah alikufa akiwa benchi la tatu kutoka nyuma, karibu na mlango, mahali pa upepo na watoto wenye kamasi. Obadiah alikitaka kile kiti mpaka usingizini aliota anakisugua kwa nta.

Mwaka huo huo, 1967, Mama Kanta alikwenda Kisumu kwa arusi ya mpwa wake, wiki mbili. Mulji akawapa mafundi pesa ya hoteli. Obadiah alikwenda Daraja Mbili akiimba. Obokima! Chinsaga! Maziwa lala, baridi, yameachwa kwa amani! Alikaa, akakata tonge, akala.

Akaacha kutafuna. Akaangalia sahani. Akaonja tena.

"Vipi?" Ouko aliuliza.

"Hakijakamilika."

"Kimekosa nini?"

Obadiah alijua kimekosa nini. Ulimi wake ulikaa mdomoni kama mtu aliyefika arusini akakuta ni mazishi. Siku ya tatu alinunua pilipili mbichi sokoni akamwambia muuzaji ni ya kufukuza panya. Siku ya tisa alijikuta kwenye mlango wa jiko la Mama Kanta, akinusa ukuta.

Mama aliporudi, saa sita na nusu ya siku ile, ule utomvu ulipogusa mafuta ya moto huko uani, miguu ya Obadiah ilisimama juu ya kanyagio. Harufu ikamjia barazani, ile ile ya soksi ya polisi. Mate yakamjaa mdomoni, mengi, ya aibu, kama mbwa. Alitema kwenye mfereji. Yakajaa tena. Alitema mara tatu.

"Kanisa limekufa," Ouko alisema bila kuinua kichwa.

"Ni kichefuchefu."

"Ndiyo. Hata mimi huwa nasikia hicho kichefuchefu nikiona samaki."

Obadiah alijichukia, na kujichukia hakukumpunguzia njaa. Alikula sahani yake, akafuta vyumba vyote kwa kidole, akalamba kidole, kisha akakaa pale akikitazama kile kidole kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu chake mwenyewe. Hakuna hata mara moja alipoona kuwa kile chakula ni kizuri. Kilikuwa kibaya. Rangi yake ilikuwa ile ile ya nepi. Tatizo ni kwamba sasa alikihitaji kibaya hicho, kila siku, saa saba.

Na manjano, kama hujui, yana tabia. Yakidondoka kwenye shati jeupe, ni doa la njano, dogo, la unyenyekevu. Lakini shati likiingia kwenye povu la sabuni ya mche, lile doa linageuka jekundu papo hapo, jekundu la damu, jekundu la midomo ya wanawake wa mjini. Ukilianika juani, jioni halipo. Obadiah hakujua haya, kwa sababu Obadiah hakuwahi kufua nguo.

Drusilla alifua kila Jumapili asubuhi. Na Drusilla alikuwa shemasi, mwanamke wa ushahidi.

"Baba Mogire," alimwita siku moja, Mogire ni mtoto wao wa kwanza, "njoo uone shati lako."

Obadiah akaona. Kifuani, karibu na kola, alama tatu nyekundu.

"Huyu mwanamke ana mdomo mkubwa," Drusilla alisema.

"Mwanamke gani?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe. Amepaka rangi, akakubusu juu ya shati. Au alikuwa anakula shati?"

"Mama Mogire, naapa..."

"Usiape. Wewe ni mtu wa kanisa. Na mdomo wako unanuka nini, hata ukiwa umelala? Ndiyo marashi yake?"

Obadiah alitazama zile alama, akazielewa ghafla kwa jinsi zilivyokaa: pale ndipo achari ilipodondoka Jumatano. Alifungua mdomo aseme. Akaufunga. Kesi ya mwanamke, kanisa lina utaratibu wake: unakiri, unalia, unakaa nyuma miezi mitatu, unarudi, watu wanasahau. Lakini mwalimu wa afya, bingwa wa kuchukia, akikutwa na manjano kifuani? Hiyo haina utaratibu. Kiti kinakwenda, na jina linabaki mpaka kwa wajukuu.

Drusilla akaanika shati. Jioni alama hazikuwepo, na ushahidi wake haukuwepo. Mwaka mzima ilikuwa hivyo: Jumapili asubuhi anaona, Jumapili jioni hana cha kuonyesha. Akaacha kuongea na mumewe, isipokuwa kumjulisha kwamba obokima uko tayari.

Ikafika 1968, na Sabato ya Meza ya Bwana. Ijumaa mchana Obadiah alipokuwa akifunika cherehani, Mama Kanta alimletea mkebe wa bati umefungwa kwa kitambaa.

"Ouko nasema kesho veve napata kazi kubwa kwa kanisa. Hii ya sherehe. Kula na familia."

Obadiah aliubeba mkebe mlima mzima akijiambia atautupa. Alipita mto, hakuutupa. Alipita bonde, akasema atautupa juu. Alipofika karibu na nyumbani aliuficha ndani ya migomba ya Ombui, jirani yake, akaenda kuifungua Sabato kwa wimbo.

Asubuhi aliamka kabla ya wote, akavaa shati jeupe na tai, akatoka eti anakwenda kuomba peke yake. Alipiga magoti kweli, ndani ya migomba. Akafungua. Dengu zimeganda usiku, zimekuwa kama tope la njano, na mafuta yamekaa juu yakiwa meupe, kama kwenye supu ya hospitali. Achari kwenye kona. Kile kijani cha chunusi, kimelegea. Kilikuwa kitu cha kutisha kuona alfajiri. Hakuwa na kijiko. Alikula kwa vidole vitano, haraka, akinguruma, tai ameitupa begani, mpaka bati likalia. Halafu akafuta mikono kwenye jani la mgomba, akafuta tena kwenye umande, akanusa, akatetemeka kwa kinyaa, akaenda kanisani kuwa mzee.

Kabla ya mkate na divai isiyo na kilevi, Wasabato hutawadhana miguu. Wanaume hubaki ndani, wanawake huenda nje kivulini. Kila mtu na mwenzake, beseni na taulo. Kazi ya mabeseni ilikuwa ya Drusilla. Kawaida maji hayatiwi kitu. Lakini wiki hiyo njia za Manga zilikuwa tope tupu, na Drusilla alishachoka kuona ndugu wakitumbukiza ndani ya beseni takatifu miguu inayofanana na mizizi ya viazi. Akakwangua sabuni ya mche ndani ya kila beseni, akakoroga mpaka povu likasimama.

Mzee Nyasani aliketi kwenye kile kiti, akanyoosha miguu. "Ndugu Obadiah, njoo."

Kanisa lilijua maana yake. Obadiah akapiga magoti, kwa mara ya pili asubuhi hiyo. Akaosha kisigino. Akaosha vidole, kimoja kimoja, kwa upendo, jicho moja liko kwenye mkono wa kiti. Akachukua taulo jeupe, akaukausha mguu wa mzee, akafuta na mikono yake, akalinyanyua.

Taulo lilikuwa na vidole vitano vyekundu.

"Damu!" alipiga kelele Mzee Nyasani, akavuta miguu juu ya kiti kama mtu aliyeona siafu. Akaikagua. "Mimi sina kidonda! Ndugu, umekatwa wapi?"

Obadiah aliangalia mikono yake. Kucha zilikuwa nyekundu. Mistari ya viganja ilikuwa myekundu. Haikuwa na jeraha hata moja.

"Hana kidonda," Ombui alisema, amemshika mkono anaugeuza. Sauti yake ikashuka. "Hana kidonda, lakini inatoka. Ndugu zangu, hii ni ishara! Amechaguliwa!" Na kwa kuwa ndiye aliyeanzisha nyimbo siku zote, akaanzisha. Wanaume wakaitikia, wengine wakiwa na mguu mmoja ndani ya beseni.

Obadiah alibaki magotini. Hakuwa amesema uongo wowote. Hilo alilikumbuka vizuri baadaye. Alikuwa hajafungua mdomo. Ilitakiwa tu akae hivyo hivyo, ameinamisha kichwa, dakika mbili zaidi, na kile kiti kingekuwa chake pamoja na muujiza juu yake. Alisikia dengu zikipanda, zikitaka kutoka na cheuo. Akazimeza.

Wanawake wakaingia mbio kwa sababu ya kelele. Wa mbele alikuwa Drusilla, maana mataulo yalikuwa yake. Akalichukua lile taulo. Akalitazama. Akalipeleka puani, akavuta pumzi ndefu, na wimbo ukapungua, watu wakitaka kujua ishara inanukaje.

"Baba Mogire," Drusilla alisema, polepole sana. "Hizi alama nazijua. Nimezifua mwaka mzima. Sasa uniambie mbele ya hawa wote. Huyu mwanamke, kabla ya Meza ya Bwana, ulimpata wapi?"

Wimbo ukakatika. Obadiah aliangalia kiti. Kilikuwa karibu kiasi kwamba aliona alama za mikono ya Mzee Nyasani kwenye mbao, mahali zilipong'aa kwa miaka arobaini. Akamwangalia mkewe. Mdomo wake Drusilla ulikuwa unatetemeka, na hakuwa mwanamke wa kutetemeka.

"Hakuna mwanamke," alisema. "Ni dengu."

"Dengu gani?"

"Za Mama Kanta. Na achari. Na kile cha kijani. Nimekula asubuhi hii, kwa mkono. Ndani ya migomba ya Ombui."

"Migomba yangu?" Ombui alisema, na uso wa ishara ukamtoka.

"Yaya, yaya," Drusilla alisema kwa Ekegusii, yaani hapana, hapana, lakini mabega yalishaanza kumcheza. Alicheka. Alicheka kwa sauti, ndani ya kanisa, akiwa na taulo usoni, kama msichana anayeteleza kwenye tope. "Dengu! Mwaka mzima namwonea wivu dengu!"

Mzee Nyasani ndiye peke yake ambaye hakusogea. Alikuwa bado ameinua miguu.

"Ndugu. Hicho chakula ni kibaya kama ulivyotufundisha?"

"Ni kibaya zaidi, Mzee. Sijawahi kusema nusu yake."

"Na unakula?"

"Kila siku. Saa saba."

Basi. Kiti alipewa Ombui, ambaye hakujua kueleza chochote. Somo la afya likafa baada ya mwezi, hakuna aliyetapika tena. Obadiah alipelekwa benchi la tatu kutoka nyuma, karibu na mlango, pale pale pa baba yake, pamoja na upepo na kamasi. Mzee Nyasani alikuja kumtembelea mara moja nyumbani, akamrudi kwa saa nzima kwa maneno makali, na akiwa mlangoni anatoka akauliza, akiangalia pembeni, hayo maembe huwezaje kukaa mwaka bila kuharibika.

Drusilla naye hakuamini kwa kuambiwa. Wiki iliyofuata alishuka mjini amtazame huyo Mama Kanta, akamkuta bila meno ya mbele, akaridhika. Waliketi uani siku nzima. Hawakuwa na lugha ya kutosha kati yao, lakini kumsema fundi hakuhitaji lugha nyingi.

Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwanyima leseni za biashara wasio raia. Mulji hakuwa na uraia, duka likafungwa, vitambaa vikauzwa kwa bei ya kutupa, na yeye na mke wake wakapanda ndege kwenda kwa watoto wao Leicester, Uingereza, mahali ambapo Ouko alisema kuna baridi ya kutunza samaki. Mama Kanta alimwachia Drusilla sufuria, jiwe la kusagia, na mkebe mdogo wa ule utomvu, umefungwa kwa karatasi saba.

Drusilla alijifunza kupika zile dengu. Alipika Jumapili, kwa kuwa Sabato hakuthubutu. Obadiah aliketi, akaonja, akakunja uso.

"Nini tena?" Drusilla aliuliza.

"Hazinuki vya kutosha."

"Mogire amekimbilia nje. Mbuzi amekata kamba. Unataka zinuke namna gani?"

Mkebe ulikatazwa kukaa ndani ya nyumba. Ulining'inizwa kwa kamba kwenye mgomba wa mwisho wa shamba, chini kabisa, mpakani kwa Ombui, mahali ambapo hata ndege walianza kupaepuka. Na kila Jumapili, kabla ya saa saba, majirani walimwona mwalimu wa zamani wa afya akishuka mteremko katikati ya chai yake asiyoinywa, akifungua karatasi ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Alikuwa akiingiza pua, anaruka nyuma, anatema mate, macho yanamlowa.

"Kitu kichafu hiki," alisema. Akachukua punje moja, akaitazama kwa chuki yote aliyobakiwa nayo, na kwa sababu chakula kilikuwa bado motoni, akaiweka kwanza kwenye ulimi.